Lavenda Arusha na Moshi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu wa Arusha au Moshi anayetaka lavenda getini, kwenye chungu cha barazani, au kwenye kipande cha shamba alichochoka kulima mahindi. Maswali ni yale yale yanayorudi kila masika yanapokaribia na kila yanapoisha. Mengine yamejibiwa kwa kirefu kwa sababu ndiyo yanayoua miche. Mengine jibu lake ni mstari mmoja.

Hivi lavenda inastawi kweli kwenye joto la huku?

Inastawi. Wengi wameiona kwenye picha za Ufaransa, yale mashamba ya zambarau ya Valensole, wakaamua kwamba ni mmea wa nchi za baridi. Lakini kiangazi cha huko ni kikali: jua kutwa, mawe ya shambani yanachoma, na wiki nyingi hupita bila mvua ya maana. Ndugu zake wengine wanaota porini Visiwa vya Kanari, Misri, Yemen, mpaka India. Jua la Moshi halitaishangaza lavenda.

Kitu isichokizoea ni masika. Kwao mvua nyingi hunyesha majira ya baridi, mmea ukiwa umetulia. Huku mvua kubwa ya Machi hadi Mei inakuja mmea ukiwa kwenye kukua, udongo una joto, mizizi inahitaji hewa, na maji yamejaa ardhini wiki baada ya wiki. Vimelea vinavyoozesha mizizi, hasa vya kundi la Phytophthora, havitafuti hali nzuri zaidi ya hiyo. Ndiyo maana karibu kila ushauri utakaousoma hapa chini, ukiuchunguza, ni namna ya kuivusha mizizi masika bila kulowa mno.

Aina ziko nyingi. Ninunue ipi?

Usikubali kuuziwa "lavenda" tu bila kuambiwa ni ipi, maana tofauti zake ni kubwa kuliko tofauti za aina za embe.

Kwa bustani ya nyumbani, hasa Moshi mjini, anza na Lavandula dentata. Utaitambua kwa majani yaliyochongoka pembeni, meno madogo madogo pande zote mbili. Haidai baridi ili itoe maua. Inachanua kwa vipindi karibu mwaka mzima, na inavumilia unyevu wa hewa kuliko nyingi za ukoo wake. Kasoro yake ni harufu yenye kafuri nyingi, kwa hiyo haifai kwenye keki, na mafuta yake hayana soko kubwa. Kuna chotara yake iitwayo Goodwin Creek Grey, yenye majani ya kijivu na manyoya laini, ambayo nayo inapatana vizuri na joto. Ukiikuta kitaluni, usiiache.

Lavandula angustifolia, ambayo wauzaji huiita lavenda ya Kiingereza, ndiyo yenye mafuta yanayosifiwa na maua ya kuliwa. Huku inakosa vitu viwili. Ili ichanue vizuri inataka wiki kadhaa za baridi ya karibu nyuzijoto 5, kisha siku ndefu za kiangazi cha Ulaya. Sisi tuko nyuzi 3 hivi kusini mwa ikweta, mchana wetu ni wa saa 12 tangu Januari hadi Desemba, na Arusha mjini usiku wa Julai hushuka hadi kama nyuzijoto 12 tu. Unachopata ni kichaka cha majani mazuri na maua machache ya kusuasua. Watu hununua mbegu zake kwa sababu pakiti ina picha nzuri.

Katikati ya hizo mbili kuna lavandini, yaani Lavandula × intermedia, chotara ya angustifolia na aina nyingine iitwayo latifolia. Grosso, iliyopewa jina la mkulima Mfaransa Pierre Grosso, na Provence ndizo zinazojulikana zaidi. Phenomenal ni ya miaka ya karibuni, na sifa yake ni kuvumilia joto, unyevu na magonjwa ya mizizi. Lavandini ni kubwa kwa umbo na hutoa mafuta mengi kuliko angustifolia, ingawa mafuta hayo huuzwa kwa bei ya chini. Mtu wa Oldonyo Sambu, Monduli au West Kilimanjaro anayefikiria shamba aijaribu hiyo kwanza. Kwa Moshi mjini mimi sina imani nayo.

Ipo pia stoechas, ile yenye vijani vya zambarau vilivyosimama juu ya ua mithili ya masikio ya sungura. Inapendeza, na inavumilia udongo wenye uchachu kidogo kuliko nyingine.

Nitajuaje kama ninachouziwa ni lavenda kweli?

Sugua jani moja kati ya vidole. Lavenda inatoa harufu kali papo hapo, na harufu inabaki mkononi hata ukishapanda daladala. Majani yawe membamba, ya kijani kilichochanganyika na kijivu. Shina changa lina pembe nne, lakini hilo lisikutoshe, kwa sababu salvia, mnanaa na mrehani ni ukoo mmoja nayo na mashina yao yako hivyo hivyo. Salvia ya zambarau ndiyo inayouzwa sana kwa jina la lavenda. Wakati mwingine muuzaji mwenyewe hajui.

Ukisimama kwa wauza miche wa kandokando ya barabara ya Moshi, muombe mwenye miche akuruhusu kuutoa mche mmoja kwenye kiriba. Mizizi iwe myeupe na imara. Ikiwa ya kahawia, inayoteleza, na udongo unanuka uvundo, shukuru uondoke. Muulize pia mmea mama uko wapi. Akikuonyesha mmea uliokwisha kupita masika ukiwa ardhini, nunua kwake hata kama bei iko juu kidogo.

Mimi niko Kibosho (au Himo, au Njiro). Patafaa?

Wengi hudhani kadiri unavyopanda mlima ndivyo lavenda inavyofurahia ubaridi. Upande wa kusini wa Kilimanjaro hesabu hiyo haikubali. Mvua inaongezeka kadiri unavyopanda kutoka mjini kuelekea msituni, na ukungu wa asubuhi nao unaongezeka. Kibosho, Machame na Marangu ni nchi ya migomba na kahawa: kivuli, mboji, mfereji unapita pembeni. Ndani ya kihamba, yaani shamba la migomba la nyumbani, lavenda haina maisha. Kama uko huko na bado unaitaka, itoe nje ya migomba kabisa. Ipande ukingoni mwa njia ya mawe, juu ya ukuta wa kuzuia mmomonyoko, au kwenye mteremko unaopata jua tangu asubuhi. Na usiipande chini ya mchirizi wa bati. Mche uliopandwa pale unapata mvua ya paa zima.

Moshi mjini na kushuka kuelekea mashamba ya miwa ya TPC shida ni joto la Januari na Februari, linalofika nyuzijoto 33 na kupita. Lavenda haifi kwa hilo, ila inasimama tu, haikui wala haichanui. Ipande upande wa mashariki wa nyumba, ipate jua la asubuhi hadi mchana, kisha ukuta uikinge na jua la alasiri. Jua lisipungue saa 6 kwa siku. Himo na Holili ni kukavu zaidi, na dentata inakaa vizuri kule ikishapata maji ya kuanzia.

Njiro, Sakina, Moshono: inategemea kiwanja chako kuliko jina la mtaa. Tengeru na Usa River kuna mvua na udongo mzuri wa mboga, na udongo mzuri wa mboga kwa lavenda ni mzito mno, fanya matuta.

Ukiniuliza ningechagua wapi, ningekwenda nyuma ya milima, pande zisizopata mvua nyingi: Sanya Juu na Ngare Nairobi kwa Kilimanjaro, Oldonyo Sambu na Kisongo kwa Meru, halafu Monduli. Kule kuna usiku wa baridi na mchana mkavu kwa pamoja. Upepo wa Kisongo huvunja miche michanga, kwa hiyo weka uzio wa mabua au matete mwaka wa kwanza. Baadaye upepo huo huo unasaidia, kwa sababu unakausha majani.

Udongo wangu ni mweusi, unanata. Nifanyeje?

Kwanza upime kwa njia ya kienyeji. Chimba shimo la kina cha sentimita 30, lijaze maji asubuhi, yaache yaishe, ulijaze tena. Kama maji ya mara ya pili bado yamesimama jioni, usipande hapo chini. Panda juu ya tuta.

Tuta la lavenda ni refu kuliko la viazi: sentimita 30 hadi 45, na lenye mgongo ili maji yateleze. Changanya udongo wa hapo hapo na mchanga mkubwa wa mtoni pamoja na moramu au yale mawe mepesi yenye matundu ambayo Arusha yamejaa, kila kimoja theluthi. Mchanga laini wa kupigia lipu usiutumie. Ukichanganyika na mfinyanzi unashikana kama saruji. Wenye njia ya kufika Chekereni wanaweza kupata makapi ya mpunga mashineni. Yachome nusu yawe meusi, usiyaache yawe majivu, kisha uyachanganye. Yanaupa udongo nafasi ya kupumua. Maganda ya kahawa waachie wenye migomba, kwa sababu yanashika maji.

Lavenda inapenda pH ya kati ya 6.5 na 7.5, na hata 8 haiogopi. Udongo wa mashamba ya kahawa mara nyingi umechachuka kwa mvua na mbolea za miaka mingi, kwa hiyo chokaa ya kilimo au gao moja la majivu ya kuni kwa kila shimo linasaidia. Kinyume chake, maeneo yenye magadi, kama baadhi ya sehemu za chini ya Meru ambako maji yakikauka yanaacha utando mweupe, usiongeze majivu hata kidogo. Muone afisa kilimo wa kata akuelekeze pa kupimisha udongo kabla hujamwaga chokaa ekari nzima.

Juu ya tuta tandaza kokoto. Nyasi na majani ya migomba ni matandazo mazuri kwa nyanya. Kwa lavenda yanashikilia unyevu shingoni mwa mmea, na shingo ndipo kuoza kunapoanzia.

Nipande lini?

Vitabu vya Ulaya vinasema majira ya kuchipua, na neno hilo halitusaidii. Huku fuata mvua. Wakati mzuri kuliko yote ni mwisho wa Mei na Juni, masika yakishakata. Udongo bado una maji ya chini, jua la kipupwe ni la upole, na mche unapata miezi mingi ya kushusha mizizi. Vuli za Novemba zinaukuta umeshashika, na masika ya mwaka unaofuata yanaukuta umekomaa.

Mwenye kupanda Machi mvua za kwanza zinapodondoka, kama apandavyo mahindi, anaupeleka mche mchanga kwenye matope. Hilo ndilo kosa la kawaida kuliko yote, na linaeleweka, kwa sababu kila kitu kingine tunakipanda hivyo.

Nafasi: sentimita 60 hadi 90 kati ya miche ya dentata, na kwa lavandini sentimita 90 kwa mita 1.2 kati ya mistari. Ukiona tuta linaonekana tupu, liache hivyo. Hewa ipite.

Nimwagilie mara ngapi?

Mche mpya: lita 1 hivi, mara mbili kwa wiki, kwa mwezi wa kwanza. Kisha mara moja kwa wiki. Mmea uliofikisha mwaka, wakati wa kiangazi, kila baada ya siku 10 hadi 14, na masika usiuguse kabisa.

Ratiba hiyo isikufunge. Chomeka kidole ardhini hadi kiungo cha pili. Kikitoka na udongo mbichi ulionata, rudisha ndoo jikoni. Kikitoka na vumbi, mwagilia, tena asubuhi, chini shinani, si juu ya majani. Kama una dada au kijana wa bustani anayemwagilia kila jioni kwa mpira, mwonyeshe mimea hii na umwambie wazi aipite. Lavenda nyingi za mjini zinauawa na mtu mwenye bidii.

Samadi kiasi gani?

Usiweke. Wala urea. Ikinenepa kwa naitrojeni inarefuka, inalegea, inalala chini na kukosa maua. Kama udongo ni maskini kabisa, gao moja la mboji iliyoiva wakati wa kupanda linatosha.

Ilikuwa nzuri, mvua zikaja, sasa imenyauka ghafla. Imekosa maji?

Karibu kila mara jibu ni hapana, na hapa ndipo watu humalizia mmea wao. Mizizi ikioza haiwezi tena kuvuta maji, hivyo majani yananyauka vile vile kama ya mmea wenye kiu. Mwenye mmea anaona kiu, anaongeza ndoo.

Itazame kwa karibu. Mara nyingi tawi moja au upande mmoja unaanza: ncha zinainama, rangi ya kijivu inageuka ya majani makavu, ilhali upande wa pili bado umesimama. Fukua kidogo shingoni kwa kijiko. Kwaruza gome kwa ukucha pale shina linapoingia ardhini. Ukikuta kijani kibichi ndani, kuna matumaini. Ukikuta kahawia na gome linachubuka lenyewe, mmea umekwisha hata kama juu bado una maua. Vuta mzizi mmoja mwembamba: ganda la nje likichomoka na kukuachia uzi mkononi, huo ni uozo wa mizizi.

Kwa mmea wenye matumaini, acha kumwagilia, ondoa matandazo, chimba mfereji mdogo wa kutoa maji pembeni ya tuta. Kwa uliokufa, ung'oe pamoja na udongo wake na usipande lavenda nyingine kwenye shimo lile lile, kwa sababu vimelea vinabaki. Na kabla haujafa wote, kata vipandikizi kwenye matawi yaliyo mazima. Dawa za ukungu za dukani hazifufui mzizi uliooza.

Mbegu au vipandikizi?

Vipandikizi. Mbegu za angustifolia zinachukua wiki 2 hadi 4 au zaidi kuota, nyingine hazioti mpaka zikae kwenye friji kwa wiki kadhaa, na miche inayotoka hailingani. Lavandini haina mbegu kabisa, ni tasa. Ukiona mtu anauza "mbegu za Grosso", ujue hapo hakuna Grosso.

Kata ncha za matawi yasiyo na maua, urefu wa sentimita 8 hadi 10, chini kidogo ya kifundo cha jani. Vua majani ya nusu ya chini kwa kuyavuta taratibu kwenda chini. Chomeka kwenye kiriba chenye mchanga mkubwa uliochanganywa na udongo kidogo, uweke mahali penye mwanga bila jua kali, na uwe unalowesha kidogo tu. Ukifunika kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako, ifungue kila siku ipate hewa. Baada ya wiki 4 hadi 6, vuta kidogo. Kikikataa kutoka, kimeshika mizizi. Juni hadi Agosti ndio wakati mzuri, kwa sababu ya ubaridi.

Mbona yangu haitoi maua?

Kwanza aina: kama ni angustifolia, soma tena hapo juu. Pili kivuli. Tatu samadi. Nne, haikupogolewa.

Naipogoa vipi bila kuiua?

Maua yakishakauka, kata theluthi moja ya mmea, ukifuata umbo la duara. Hakikisha chini ya kila mkato kuna majani mabichi. Ukikata hadi kwenye mti wa kahawia usio na jani, tawi hilo kwa kawaida halichipui tena. Watu waliozoea kukata ua wa michongoma hadi chini huumizwa na hili.

Kwa huku mimi hupendelea pogoleo kubwa la mwaka lifanyike Februari, kabla ya masika. Kichaka kilichopunguzwa kinapitisha hewa katikati, na mvua ikinyesha usiku, hadi saa nne asubuhi kimekauka. Kichaka kinene kinaweza kukaa siku nzima na maji ndani yake, na utakikuta kimeoza kwenye kitovu.

Nina baraza tu, sina shamba.

Basi uko pazuri kuliko mwenye shamba. Chungu cha udongo wa kuchomwa, upana wa sentimita 30, chenye tundu kubwa chini, ndicho chombo chake, kwa sababu kinapumua. Ndoo ya plastiki haipumui. Usiweke sahani ya kukinga maji chini yake. Masika yakianza, kisogeze ndani ya upenu kwenye mwanga, na tatizo kubwa la lavenda ya Moshi umelimaliza kwa mikono miwili. Maji ya chungu huisha haraka, kwa hiyo kiangazi kidole chako kitafanya kazi mara nyingi zaidi.

Wadudu je? Na mbuzi?

Mbuzi wataonja na kuondoka, ingawa mbuzi mwenye njaa hana adabu. Kuku ni wabaya zaidi, wanafukua kokoto. Utaona vidukari na inzi weupe wakati mwingine, na utitiri kiangazi kwenye vumbi. Maji ya sabuni ya kipande yanatosha.

Nikipanda dirishani itafukuza mbu?

Hapana. Mmea uliosimama tu hautoi harufu ya kutosha kuwazuia. Mafuta yake yakipakwa yanaweza kupunguza mbu kwa muda mfupi, kisha yanapaa. Lala ndani ya chandarua chenye dawa. Ukanda wa chini wa Moshi, kwenye mashamba ya mpunga na miwa, si mahali pa kujaribia malaria kwa maua.

Inanyweka? Ni salama nyumbani?

Maua makavu ya angustifolia, kijiko kidogo cha chai kwa kikombe, hakuna shida kwa mtu mzima mwenye afya; mjamzito aulize kliniki kwanza. Dentata ni chungu. Mafuta yenyewe hayanywewi, na yawekwe mbali na watoto. Paka na mbwa wakila mmea wenyewe kwa wingi wanaweza kutapika. Nyuki wataupenda mno, wakubwa na wale wadogo wasiouma, kwa hiyo usiupande mlangoni kama kuna mtu nyumbani anayedhurika na sumu ya nyuki.

Navuna na kukausha vipi?

Kwa mashada ya kukausha, kata pale theluthi hadi nusu ya vijiua vya kichwa imefunguka. Asubuhi, umande ukishakauka, jua halijawa kali. Funga mashada membamba, yasizidi unene wa kidole gumba na cha shahada vilivyokutana, uyaning'inize kichwa chini kwenye chumba chenye giza na upepo. Stoo ya bati ya Moshi mwezi wa Februari ina joto linalounguza harufu. Chumba cha ndani ni bora. Yakivunjika kwa sauti ukiyasugua, yameiva. Kwa Kibosho na Marangu usivune wakati wa ukungu, utakausha kuvu.

Nataka kulima ekari moja nikamue mafuta. Kuna hela?

Tuanze na hesabu. Kwa nafasi ya sentimita 90 kwa mita 1.2, ekari moja inabeba miche 3,700 hivi. Miche hiyo italeta mavuno ya maana kuanzia mwaka wa 3. Kilo moja ya mafuta ya angustifolia inadai zaidi ya kilo 100 za maua mabichi; lavandini inadai pungufu. Na ukishayapata, sokoni unakutana na Bulgaria na Ufaransa, wanaovuna kwa mashine mashamba ya upeo wa macho. Kwa mafuta ya jumla hutawaweza.

Mtambo wenyewe ni wa kupitisha mvuke kwenye maua na kuupoza. Ukianza kuunganisha mapipa na mabomba uani, mwite balozi wa nyumba kumi mapema umweleze, maana jirani atajua unapika gongo.

Hela iliyopo huku iko karibu zaidi: miche yenyewe, mashada kwa lodge na hoteli, vifuko vya kabatini, maua makavu kwa watengeneza sabuni. Wageni wanaopitia Arusha kwenda mbugani wananunua kitu kidogo chenye harufu na jina la mahali. Sabuni na vipodozi vinahitaji kupita TBS (shirika la viwango) kabla ya kuingia dukani, na SIDO (shirika la viwanda vidogo) wana mafunzo ya usindikaji kwa wanaoanza. Maua makavu yaliyolowekwa kwenye mafuta ya alizeti kwa wiki kadhaa ni bidhaa nzuri ya kuuza, ila andika hivyo kwenye chupa, usiyaite mafuta halisi ya lavenda.

Akija mtu na mkataba kwamba anakuuzia miche ghali na atanunua mavuno yote kwa bei ya ndoto, muulize mteja wake ni nani na uombe kumwona. Waliopitia homa ya kware, pale watu walipokimbilia kufuga kware kwa ahadi za bei kubwa kisha soko likakosekana, wanaelewa nasema nini. Anza na miche 50, ipite masika yote, kisha uhesabu iliyobaki.

Ndugu yangu yuko Ulaya. Anaweza kuniletea vipandikizi kwenye begi?

Asilete. Kuingiza mmea hai kunahitaji kibali cha TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu), ambao makao yao makuu yako hapa hapa Arusha, pamoja na cheti cha afya ya mmea kutoka nchi unakotoka. Utaratibu ni huo huo ukivuka Namanga au Holili na miche ya Kenya kwenye buti ya gari. Lavenda ni mojawapo ya mimea inayobeba bakteria wa Xylella fastidiosa, aliyegunduliwa kusini mwa Italia mwaka 2013 akiangamiza mizeituni, na ambaye aina zake nyingine hushambulia kahawa. Kipandikizi kinaweza kuonekana kizima kabisa na bado kimembeba, na wewe unaishi chini ya mlima wenye kahawa pande zote. Nenda TPHPA na jina kamili la aina unayoitaka na jina la kitalu kinachoiuza, uombe kibali kabla ndugu hajakata tiketi.